Shiso kwenye poti, kuanzia mbegu hadi juisi

Mambo zenu, karibuni tena. Leo niko kibarazani kwangu, ghorofa ya nne, mkoa wa Aichi huku Japani, na huu mmea mnaouona ni shiso, ndugu yake mrehani na nanaa, ukisugua jani hivi linanukia kama nanaa imekutana na mdalasini. Ipo ya kijani, sokoni wanaiita ooba, inaliwa na samaki mbichi, na ipo ya zambarau ambayo ndo inatia rangi zile plamu za chumvi, umeboshi.

Haya, mbegu. Loweka usiku kucha, asubuhi zimwagie juu ya udongo mbichi halafu usizifukie, jamani, USIZIFUKIE. Mwaka wangu wa kwanza nilizifukia kama mahindi nikakaa wiki tatu naangalia udongo mtupu. Hizi zinataka mwanga ndo ziote, we gandamiza tu na kiganja na upulizie maji kila siku, joto likiwa nyuzi 20 na kitu, wiki moja mbili utaona vijani. Na ziwe mpya, zile zilizolala kabatini miaka miwili sahau.

Mche ukifika urefu wa kiganja kata ncha, hapa, juu kidogo ya jozi ya majani. Roho inauma ila ndo unatoa matawi. Kimaua kikichungulia kata nacho, ukikiachia majani yanakuwa magumu. Maua yake yanatoka siku zikianza kufupika, ndo maana wakulima wa hapa Toyohashi wanawasha taa usiku ndani ya mabanda yao, mmea udhani bado ni majira ya joto. Sasa nyie mlioko nyumbani karibu na ikweta, mchana wenu saa 12 mwaka mzima, utawahi maua ungali mfupi, kwa hiyo uweke jirani na taa ya nje inayowaka usiku, au uwe unapanda upya kila baada ya muda. Na mbuzi na ng'ombe wasiufikie kabisa, unawaharibu mapafu.

Twende jikoni. Majani ya zambarau gramu 300, osha mara tatu maana yanaficha mchanga, maji lita moja yakichemka tumbukiza, dakika tano. Ona, majani yamegeuka kijani na maji yamekuwa kama ya kufulia jinzi, usiogope. Chuja, koroga sukari gramu 300, zima moto, ipoe kidogo. Sasa siki, glasi moja, mimina taratibu... angalia... umeona hiyo? Nyekundu kama rozela, papo hapo, ni ile asidi tu.

Wachina wanaitumia tangu zamani kwa mafua na tumbo lililovurugwa na kaa, ila homa ikikushika nenda hospitali, hii mimi nainywa kwa utamu. Vidole viwili kwenye glasi, maji ya baridi, barafu. Subirini nionje kwanza.