Chujio Nalo Lichunguzwe

Mhadhara kwa wafugaji na wauza maziwa, Lindi mjini

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kampuni za maziwa na mitambo ya kutafuta plastiki ndani ya maziwa. Jana nilimtajia mada hii jamaa yangu wa Mingoyo, akacheka: "Ng'ombe wenyewe tumewazoea juzi, wewe tayari unatuletea plastiki!" Hakukosea sana. Kusini yetu mbung'o alitunyima ng'ombe miaka mingi, tukawa watu wa korosho, ufuta na samaki. Wafugaji walipohamishiwa huku kutoka bonde la Ihefu, mwaka 2006 na 2007, maziwa freshi yakazidi kuonekana barabarani. Yalikuja kwenye madumu yaliyokwisha kubeba mafuta ya kula. Shikeni hilo dumu akilini, tutalirudia.

Maikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5. Vingi huvioni kabisa. Unywele una unene wa maikromita kama 70 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na vipande vinavyowakosesha wataalamu usingizi ni vya maikromita 5 au 10. Mwaka 2020 watafiti wa Meksiko walitoa matokeo ya maziwa ya dukani, sampuli 23, za kampuni za kimataifa na za kwao. Zote zilikuwa na plastiki, wastani wa vipande 6 au 7 kwa lita. Mimi idadi hiyo haikunishtua. Kilichonishtua ni aina ya plastiki yenyewe. Iliyotia fora ilikuwa ya jamii ya salfoni, na hiyo haifungi vitumbua wala haitengenezi ndoo. Inatumika kutengenezea tando za kuchujia, zile wanazopitishia maziwa kiwandani yatoke safi. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza akawa chujio.

Watu wengi wanadhani mashine hizi kazi yake ni kuhesabu. Kuhesabu peke yake kungeishia kututia hofu tu. Faida yake kubwa ni kutaja ukoo. Plastiki ya chupa ya maji ina ukoo wake, ya dumu wake, ya kamba na ya sweta vilevile. Ukiimulika chembe kwa mwanga maalumu, kila ukoo unajibu kwa namna yake. Jambo hilo aliligundua Mhindi mmoja, Raman, mwaka 1928, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel, wala hakuwa na habari na maziwa. Leo unaielekeza leza kwenye chembe, kompyuta inalinganisha jibu na majibu iliyoyahifadhi, inakwambia: huyu poliesta, huyu polipropilini. Njia nyingine ni ya miali ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Hiyo ina kasi, lakini ukishuka chini ya maikromita 10 hivi inaanza kupapasa, wakati ya Raman inafika hadi maikromita 1.

Sasa maziwa ni mkaidi. Maji ya bomba unayachuja tu, ukatazama kilichobaki. Mara ya kwanza nilipojaribu na maziwa, karatasi ya kuchujia iliziba hata kijiko cha pili hakijapita, nikabaki natazama kitu kama mtindi. Lazima uyayeyushe mafuta na protini kwanza, kwa vimeng'enya au kwa kemikali kali za jamii ya magadi, saa nyingi, kwa joto la kadiri. Ukizidisha makali, unaweza kuiharibu na plastiki unayoitafuta. Protini ikibaki, inang'aa chini ya leza mpaka jibu la plastiki linazama humohumo.

Halafu kuna aibu yangu. Siku moja nilipata nyuzi za bluu kwenye sampuli, nyingi, nikafurahi kama mvuvi aliyenasa jodari. Mwenzangu akauliza, "Sampuli tupu inasemaje?" Sampuli tupu ni maji safi tunayoyapitisha hatua zilezile, ili tujue maabara yenyewe imechafua kiasi gani. Kwenda kutazama, nyuzi za bluu zimejaa humo pia. Sote wawili tukaligeukia sweta langu. Tangu siku hiyo sikuingia tena maabara bila koti la pamba.

Ndiyo maana msitegemee kuona bomba la kiwanda linalopima kila lita ikipita. Kazi ni ya polepole. Kampuni inayofanya hivi kwa akili inachota sampuli kituo kwa kituo: yanapopokelewa kwa mfugaji, baada ya pampu, baada ya chujio, baada ya kufungashwa. Ukoo fulani haukuwepo kabla ya pampu na umeonekana baada yake, basi unajua mpira wa kubadilisha. Kampuni inayopima pakiti ya mwisho tu kisha ikabandika neno "imepimwa", mimi nitaiuliza: mmeona hadi ukubwa gani? Lita ngapi? Sampuli tupu ilisemaje? Wakikosa majibu, hilo ni tangazo la biashara. Kwanza hakuna hata kiwango cha kisheria wanachoweza kudai wamekitimiza. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha njia moja ya kupimia plastiki hizi, lakini ni kwa maji ya kunywa. Na kuhusu madhara, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema ushahidi bado hautoshi kukata shauri. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akatangaza kwamba maziwa yanaua. Kinachoua na kinachojulikana ni kifua kikuu na brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na dawa yake ni jiko. Chemsheni maziwa.

Ila mkishachemsha, tazameni mnachofanya. Dada anachemsha alfajiri, abiria wa basi wanamsubiri, anayamimina yangali na mvuke kwenye chupa ya maji. Mmeiona ile chupa inavyojikunyata shingoni? Plastiki inalegea mbele ya macho yako. Watafiti wa Dublin, kule Ireland, mwaka 2020 walipima chupa za watoto za polipropilini, zile nzuri za madukani, wakitayarisha maziwa kwa maji ya moto kama inavyoelekezwa. Zilitoa vipande hadi milioni 16 kwa lita. Linganisheni na vile 6 au 7 vya Meksiko. Tahadhari: hawa wa Dublin walihesabu hata vidogo sana, kwa hiyo mizani si moja. Lakini joto ni joto, na kusubiri yapoe hakuhitaji leza.

Mama uliyeinua dumu huko nyuma, lilete hapa mbele. Ahsante. Nani ana simu yenye tochi? Mulika ndani, hapo pembeni. Mnaona weupe ule, kama kioo kilichokwaruzwa? Unalisugua kwa nini, mama? Mchanga. Na steliwaya. Kila mkwaruzo ni plastiki iliyobanduka, na ndani ya mfereji ule bakteria wanajificha wakaikwepa hata sabuni. Najua utaniambia keni ya alumini bei yake si ya mchezo, na mimi sina ya kukupa. Basi tumia brashi laini, sabuni na maji ya uvuguvugu, dumu liwe la maziwa tu, na hili ulilonalo likamalizie maisha yake kwenye maji ya kumwagilia mchicha. Una swali? ... Anauliza chujio lake la nailoni nalo vipi. Umelileta? Lete tulimulike.