Cheruiyot yupi?

Asanteni. Wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Aprili 2010, saa moja jioni kwa saa zetu, nilikuwa chumba cha habari nasubiri matokeo ya marathoni ya Boston. Yakaingia: Robert Cheruiyot, saa 2, dakika 5, sekunde 52. Rekodi mpya ya njia ile! Nikaandika mbiombio kwamba ameshinda kwa mara ya tano, nikabandika na picha yake ya zamani. Mhariri akapitisha. Asubuhi simu hazikupoa.

Aliyeshinda mara nne, yaani 2003, 2006, 2007 na 2008, ni Robert Kipkoech Cheruiyot. Huyu wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, kijana wa miaka 21. Hawana hata undugu. Na rekodi aliyoivunja, 2:07:14 ya mwaka 2006, ilikuwa ya wajina wake huyohuyo.

Mimi si Mkalenjini, kwa hiyo ilibidi nikaulize wenyewe. Cheruiyot, nikaambiwa, ni mtoto aliyezaliwa watu wakiwa usingizini. Kipkoech kazaliwa kunapambazuka. Kiprono kazaliwa jioni, mbuzi wakirudi zizini. Basi mmoja ni wa alfajiri na mwingine ni wa magharibi, na mimi nilikuwa nimeyakata hayo majina ya katikati ili kichwa cha habari kitoshe kwenye safu!

Lile la mwisho mara nyingi ni la baba. Ndiyo maana mnawakuta kina Edna, Florence na Lornah Kiplagat, wanawake watupu, wanakimbia na "Kip", ambayo ni ya wavulana; ya wasichana ni "Chep" au "Jep". Florence kwa ukamilifu ni Florence Jebet Kiplagat. Jebet ni mzaliwa wa mchana, Kiplagat wa usiku unapoingia. Mchana wake, usiku wa baba.

Mwaka 2008 ulikuwa mtihani kwa watangazaji. Aprili Boston kashinda Cheruiyot, Oktoba Chicago kashinda Cheruiyot, lakini huyu wa pili ni Evans Kiprop, mtoto wa mvua. Baadaye tukawa na Vivian, dhahabu ya mita 5,000 Rio 2016, kisha Timothy, bingwa wa dunia wa mita 1,500 Doha 2019. Ukisema "Cheruiyot anaongoza", msikilizaji wa redio amwone nani?

Nirudi kwa Kipkoech kidogo, maana mkanda wake wa Chicago 2006 nimeutazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Anafika mwisho, mikono juu. Mguu unateleza kwenye tangazo lililobandikwa chini, pale pale mstarini. Anaanguka chali, kisogo kinagonga lami, mwili unapita chini ya utepe bila kuukata. Ushindi wakampa, kisha wakamkimbiza hospitali. Aprili iliyofuata alirudi Boston, siku ya mvua na upepo mkali, akashinda kwa 2:14:13. Huyo ndiye niliyemchanganya na kijana wa miaka 21.

Haya, fungueni orodha za wakimbiaji mlizogawiwa pale mlangoni. Ukurasa wa kwanza una kina Korir wanne. Nani anaanza?