Draco Malfoy na Lile Kabati Bovu

Ndugu zangu waandishi, asanteni kwa kunikaribisha. Hadithi mlizonitumia nimezisoma zote. Karibu kila moja ina mwanafunzi mkorofi: anamcheka shujaa kwa viatu vyake, anamnyang'anya chakula, halafu kurasa thelathini mbele ameshakuwa muuaji. Nilimuuliza mmoja wenu sababu, akanijibu, "Mwalimu, alikuwa na chuki naye tangu zamani." Jamani, chuki haitoshi. Shuleni watu wanachukiana kila siku, wanamaliza masomo, na baadaye wanachangiana harusi.

Leo nimekuja na Draco Malfoy, yule mwanafunzi mkorofi wa vitabu saba vya Harry Potter, mvulana mchawi anayesoma shule ya uchawi, ambavyo J. K. Rowling alivitoa kati ya 1997 na 2007. Nimemchagua kwa sababu njia yake inaonekana hatua kwa hatua.

Tunakutana naye dukani, akipimwa joho la shule. Ana miaka 11. Bado hajajua anaongea na nani, lakini tayari anamwambia Harry kwamba watoto wasiotoka katika familia za kichawi wasingestahili kupokelewa. Sikilizeni vizuri maneno hayo. Kinywa ni cha mtoto, sauti ni ya baba yake mezani wakati wa chakula. Baadaye, kwenye treni, anampa Harry mkono na Harry anaukataa. Wengi husema ubaya ulianzia pale. Mimi sikubali. Mkono uliokataliwa unakupa mpinzani, basi.

Fungueni kitabu cha pili. Draco yuko dukani na baba yake, Lucius, na Lucius anamwambia mbele ya mwenye duka kwamba aone aibu, kwa sababu msichana asiye na asili ya uchawi anamshinda katika kila mtihani. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na tukio hili nimeliona siku za wazazi. Mtoto anakuja na ripoti, amekuwa wa pili. Baba anapitisha kidole kwenye alama bila kuzisoma, anauliza, "Wa kwanza ni nani?" Mtoto hajibu. Anatazama chini, anakunja ile karatasi mara mbili, mara nne, mpaka inakuwa ndogo kama stempu. Mtoto yule hana ugomvi na huyo wa kwanza. Ana deni nyumbani, na hajui atalilipa kwa sarafu gani.

Lucius huyohuyo aliyemfedhehesha ndiye anayenunua fagio mpya za kurukia kwa timu nzima ya mchezo, na mwanawe anapata nafasi kwenye timu hiyo. Anakemewa, kisha ananunuliwa ushindi. Mtoto anayelelewa hivyo anajifunza kwamba kupendwa ni kuonekana juu ya mwingine.

Sasa twende kitabu cha sita, cha 2005, na hapa nitakaa. Lucius yuko gerezani. Voldemort, mchawi mwovu ambaye Lucius anamtumikia na ambaye ndiye adui wa Harry, anamwagiza Draco, kijana wa miaka 16, amuue mkuu wa shule. Mama yake anaelewa mara moja kwamba hiyo ni adhabu kwa baba, kazi aliyopewa mtoto ili ashindwe. Draco mwenyewe anafurahi! Kwenye treni anajigamba mbele ya wenzake kwamba ana mambo makubwa kuliko shule. Hilo ndilo ninalowaomba mliige: uovu haukumjia na sura ngeni. Ulimpa kile alichokuwa akikitaka tangu siku ya joho, yaani kuchaguliwa.

Halafu uovu ukawa kazi. Kuna kabati bovu la kichawi katika chumba kilichofichika, na Draco anapaswa kulitengeneza ili maadui wapitie humo kuingia shuleni. Mwaka mzima anahangaika nalo. Anaacha mechi, anakonda, anasawijika. Katikati anajaribu njia za mkato: mkufu uliorogwa unampata msichana asiyehusika, kinywaji chenye sumu kinamwangukia Ron, rafiki wa Harry. Draco mwenyewe hakuwepo vitu vile vilipowadhuru. Mwandishi asiye na subira angempa Draco hotuba ya kishetani usiku wa radi. Rowling amempa fundi na kifaa kisichotengenezeka, na hofu inayokua kila wiki. Siku moja tunamkuta chooni analia, anayemsikiliza ni mzimu wa msichana, kwa sababu kati ya walio hai hana wa kumwambia kwamba asipofanikiwa atauawa.

Kabati linapona. Anapanda mnarani, mkuu wa shule, mzee, yuko mbele yake bila silaha, na Draco anaongea, anaongea, mpaka fimbo inaanza kushuka. Mwingine ndiye anayeua.

Kabla sijasahau, mtazameni Crabbe, yule bonge aliyekuwa akimfuata nyuma miaka yote bila maneno. Hatukumwogopa hata mara moja. Katika kitabu cha saba yeye ndiye anayewasha moto wa kichawi usiozimika, baada ya kumwambia Draco kwamba haamriwi naye tena. Moto ule unamuua mwenyewe. Mimi huwa nawauliza wanafunzi wangu: mpambe wa mkorofi wako anafikiri nini? Kwa kawaida hawana jibu, na hapo hadithi inakuwa na shimo.

Nawaachia tukio moja mkalisome tena usiku huu. Harry amekamatwa, uso umevimba kwa uchawi, ameletwa nyumbani kwa akina Malfoy. Lucius anambembeleza mwanawe amtambue, maana wakimkabidhi mtu huyu kwa Voldemort watasamehewa yote. Ndilo lile deni, na leo linalipika kwa neno moja. Draco ameutazama uso ule miaka sita, darasani, uwanjani, kwenye meza za chakula. Anasogea, anatazama, anasema hana hakika.