Mchikichi wa Msituni na Mikono Iliyoueneza

Waheshimiwa walimu, wazazi na wanafunzi mliofika,

Sisi wakazi wa Bukavu tunaujua mchikichi kwa bidoni la mawese na chungu cha sombe, yaani majani ya muhogo, kwani huku juu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, baridi hauruhusu mti huu kuzaa vizuri. Mafuta yetu hupanda kutoka Uvira na Fizi, au hutoka kwenye misitu ya Mwenga na Shabunda. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba mchikichi, ingawa tunauita mti wa porini, umeenea kwa kazi ya watu.

Mche wake hudumaa katika kivuli kizito, unataka jua. Kwa hiyo anayekuta michikichi imesongamana katikati ya msitu usio na nyumba ana haki ya kuuliza ni kijiji gani kilikuwa hapo, maana waliofyeka mashamba waliuacha usimame, na kokwa zilizotupwa uani zikaota.

Katika kukamua mawese, jambo kubwa ni muda. Ngazi, yaani tunda la mchikichi, ikichubuka, kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta, yakawa makali kooni, na kinachokizima ni moto. Mama anayechemsha ngazi mapema kabla ya kuzitwanga hufuata kanuni ileile ya kiwanda kinachotumia mvuke, ilhali anayelundika mikungu siku nyingi ili matunda yapukutike hupunguza kazi na kuharibu mafuta. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A; desturi ya kuyachoma mawese hadi yapauke, niseme wazi, ni hasara.

Kokwa hutoa mafuta mengine, ya kupaka mwilini. Majivu ya mikungu mitupu yana potasi, nayo yakichanganywa na mafuta hutoa sabuni. Makuti na mafagio mnayajua.

Mchikichi wa msituni kwa kawaida ni dura, wenye gamba nene la kokwa. Mwaka 1941 watafiti wa Yangambi, huko karibu na Kisangani, walichapisha kwamba tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi, ni chotara wa dura na pisifera isiyo na gamba. Ndiyo maana mkulima anayeokota mbegu chini ya tenera na kuzipanda hupata mchanganyiko: tenera ikichavushwa na tenera, takriban robo ya miche yake itakuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai.

Kuhusu tembo, yaani pombe ya mchikichi, mgemaji anayeukwea mti na kukata shina la ua huuacha mti ukiwa hai. Anayeuangusha hupata utomvu kwa majuma machache, kisha shamba hubaki bila mti.