Mafuta Yamekwenda Wapi?

Kaeni, tuanze. Katika jeti ndogo mnazorusha, matangi ya mafuta yamo ndani ya mabawa, na kila bawa hulisha injini ya upande wake. Mchoro mmeshaukariri, siurudii. Nitakalosema leo waliowatangulia wamelisikia hadi wakanichoka: kabla hujagusa swichi ya krosifidi, ile njia inayoruhusu mafuta ya bawa moja kulisha injini ya upande wa pili, jiulize mafuta yamekwenda wapi.

Pampu kwanza, maana hapo wengi hubahatisha kwenye mtihani. Kwenye jeti nyingi za aina hii, tangini mna ejekta, pampu isiyo na kitu kinachozunguka. Pampu inayoendeshwa na injini hurudisha sehemu ya mafuta kwa shinikizo kubwa, yakapita tundu jembamba, yakachomoka kwa kasi. Kasi hiyo hushusha shinikizo pale pale, mafuta yaliyotulia yakavutwa na kusukumwa kwenda injini. Kwa hiyo injini inajinywesha yenyewe. Na ikiwa imezimwa je? Ee, umeuliza la maana. Haina cha kujinyweshea. Ndiyo kazi ya pampu ya umeme: kuwashia injini, na kusukuma mafuta bawa moja linapolisha injini zote mbili.

Haya, krosifidi yenyewe. Geji ya kulia imeshuka kuliko ya kushoto, na mkono wa mwanafunzi umeshafika kwenye swichi kabla ya akili. Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat ilikuwa juu ya Atlantiki, ikitoka Toronto kwenda Lisbon. Injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa siku chache kabla, bomba la mafuta likawa linasuguana na bomba la haidroliki hadi likapasuka. Marubani wakaona mabawa hayalingani. Wakafungua krosifidi. Mafuta ya kushoto, ambayo hayakuwa na tatizo lolote, yakafuata njia ya ufa. Injini ya kulia ikazima, kisha ya kushoto. Wakaelea kama dakika 19 bila injini mpaka Lajes, kwenye visiwa vya Azores. Watu 306, wote hai. Mwaweza kuwapigia makofi kwa kutua, mimi pia nawapigia. Lakini krosifidi ndiyo iliyomaliza mafuta ya kushoto.

"Mwalimu, ile ni ndege kubwa, sisi twarusha jeti ndogo." Bomba lililopasuka halijui ukubwa wa ndege! Wewe una mafuta machache zaidi, basi una muda mchache zaidi wa kukosea. Chukua kiasi ulichoondoka nacho, toa kilichotumika, linganisha na geji. Yakilingana, sawazisha mabawa kwa utaratibu wake. Yasipolingana, ondoa mkono kwenye swichi na ufungue orodha ya hatua za kufuata mafuta yanapovuja. Hesabu hiyo haichukui hata dakika.

Tena uifanye kwa kilo au pauni, si lita. Joto hupanua mafuta, lita zikaongezeka, uzito ukabaki ule ule, na injini hula uzito.

Valvu ya kufungia mafuta injini inaposhika moto, someni wenyewe. Baridi nayo: Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, Jet A kwenye 40, lakini maji yaliyomo humo hayangoji hata kidogo, ndiyo maana kuna kipasha mafuta joto. Naona saa imenishinda. Kesho asubuhi tutakuwa chini ya bawa tukichota sampuli za mafuta tuone kama yana maji. Asiyekuja na chupa ya kioo safi atawashikia wenzake tochi.