Dodo, Boo na Njia ya Hewa

Ndugu zangu, kina mama na kina baba wa hapa Gulu, tuanze na ukuta wa ndani wa njia ya hewa. Kutoka puani kuingia mapafuni kuna utando laini wenye vinyweleo vidogo mno, umefunikwa na ute. Vumbi, moshi na vijidudu hunaswa na ute, vinyweleo vikausukuma juu hadi kooni, tukautema au tukaumeza. Utando huo hujijenga upya kwa vitamini A. Ikipungua sana, vinyweleo hupotea, utando hukauka na kuwa mgumu kama ngozi, na uchafu hubaki mapafuni.

Mwili hutengeneza vitamini A kutokana na karotini, iliyojaa katika dodo (mchicha), sukuma wiki, boo (majani ya kunde) na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Kabichi nyeupe inayo kidogo sana.

Majani haya yana vitamini C pia, nayo tunaipoteza jikoni. Ukikata majani kabla ya kuyaosha, vitamini C inakwenda na maji. Osha kwanza, ndipo ukate. Usiyaogeleshe: kikombe kimoja cha maji kwa mafungu mawili, funika, dakika tano hadi nane, na mchuzi usimwagwe. Magadi hulainisha boo upesi, najua, lakini huharibu vitamini C. Chuma majani machanga, hutahitaji magadi. Karotini yenyewe haiogopi sana moto. Inachotaka ni mafuta, bila hayo utumbo hufyonza kidogo tu. Ndiyo maana odii, rojo la ufuta au karanga zilizosagwa, ni kitu cha maana sana: vijiko viwili kwa sahani ya mtu mmoja vinatosha.

Tafadhali, wavuta sigara, msinunue vidonge vya karotini. Katika utafiti wa Ufini uliotangazwa mwaka 1994, wanaume wavutaji waliomeza miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza. Mwingine wa Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Mboga ya sahani haijaonyesha hatari hiyo.

Tena mboga haifungui kifua kilichobanwa na pumu. Pampu ya dawa ikae karibu. Kikohozi kikivuka wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Na ukipika dodo kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, moshi unawahi mapafu kabla mboga haijaiva. Toa jiko nje, au walau barazani, na mtoto asibebwe mgongoni wakati unapuliza moto.