Kukimbia na Mabingwa Iten Siyo Shida, Shida ni Karatasi

NEEMA: Haya karibuni tena jamani. Leo tunaanza na swali la msikilizaji, kijana kamaliza fomu foo, yuko Iten, ule mji wa wakimbiaji Kenya, kila asubuhi anakimbia na kundi la wakimbiaji wanaolipwa, sasa kuna kocha wa chuo Marekani kamtumia meseji wasapu na yeye anaogopa, akijulikana anafanya mazoezi na maprofeshno si skolashipu itaota mbawa?

KIP: Hapana, alale tu vizuri. Kukimbia na mtu anayelipwa hakukufanyi wewe uwe umelipwa. Na kwa Iten ungewatenganisha aje dada, fatleki ya Alhamisi, yale mazoezi ya kukimbia kwa kubadilisha kasi, inatoa watu mamia, mbele kuna bingwa wa dunia, nyuma kuna kijana na raba za kuazima, wote barabara ni moja. Hata huko kwao iko hivyo, Galen Rupp, mkimbiaji wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Oregon huku anafundishwa na Alberto Salazar, huyo huyo wa kundi la Nike la kulipwa, na mataji ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, akachukua.

NEEMA: Sasa wanaonyimwa wananyimwa kwa lipi?

KIP: Karatasi! Kijana anaingia kambi, analala, anakula, halafu meneja anamletea fomu, saini hapa, na yeye anaona ni kama rejista ya shule tu anasaini. Kumbe hiyo ni kontrakti ya ajenti, na ajenti wa kumtafutia mbio na pesa ndiye NCAA hawamtaki kabisa. Ama anaitwa kuwa pesimeka, yule wa kukimbia mbele kuwawekea wenzake kasi, analipwa, ashakuwa mtu wa kazi. Alafu kuna zawadi, kwa kanuni waliyotumia muda mrefu ukishinda mbio za mtaani kabla ya kuingia chuo unaruhusiwa kuchukua pesa isiyozidi gharama zako za kwenda kushindana, nauli, malazi, chakula, lakini uwe na ushahidi.

NEEMA: Ushahidi wa nauli ya matatu? Konda gani anatoa risiti?

KIP: Si ndio maana nasema! Kanuni imeandikwa na mtu anayesafiri kwa ndege.

NEEMA: Na kuna hili la miaka, naona vijana wengi hawalijui. Kwa kanuni waliyotumia muda mrefu, kwenye riadha ukimaliza sekondari unapewa kama mwaka mmoja hivi, baada ya hapo ukiendelea kushiriki mashindano rasmi wanaanza kukukata ile miaka yako ya kushindania chuo. Sasa mtu wetu anamaliza fomu foo Novemba, anakaa kambini miaka miwili mitatu anasubiri kasi ipatikane, kila wikiendi yuko kwenye mbio, akija kupata chuo anaambiwa umebakiza kidogo tu. Kwa hiyo huyo kijana kabla ya kuuliza habari ya mazoezi ajiulize cheti chake kina tarehe gani.

KIP: Na hiyo ya umri usiniambie haikutulenga sisi. Miaka ya 70 vyuo vya Marekani vilikuwa vinabeba Waafrika kwelikweli, Mkenya Henry Rono akiwa chuo cha Washington State mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mita 3,000, viunzi na maji, 5,000 na 10,000, mwanafunzi huyo!

NEEMA: Usimsahau wa kwetu Tanzania kaka. Suleiman Nyambui, kazaliwa 1953, kachukua fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, na akiwa chuo cha Texas kule El Paso kabeba taji la NCAA la mita 10,000 mara nne mfululizo kuanzia 1979. Hesabu umri wake hapo, anashindana na watoto wa miaka 18! Mimi ningekuwa mzazi wa hao watoto ningelalamika, nakwambia ukweli.

KIP: Walalamike tu, lakini angalia njia waliyotumia. Kulikuwa na kanuni ya kuwakata miaka wageni peke yao, Mmarekani wa umri ule ule hakatwi, mpaka chuo cha Howard kikaenda kortini na ikaanguka. Baadaye ndio wakaja na ya kugusa kila mtu. Hiyo ya pili angalau naweza kuimeza.

NEEMA: Ila kwenye pesa hawajawahi kuwa na msimamo. Joseph Schooling wa Singapore kampiga Michael Phelps mita 100 bataflai Rio 2016, kamati ya Olimpiki ya nchi yake ikampa kama dola 740,000, akarudi chuo cha Texas akaogelea kama kawaida kwa sababu zawadi za Olimpiki zilikuwa zimesharuhusiwa. Halafu rudi nyuma 2004, Jeremy Bloom, anateleza kwenye theluji, anacheza futboli ya Kimarekani chuo cha Colorado, alikuwa na wadhamini wa kwenye theluji, futboli wala haihusiki, wakamfungia futboli! Naomba anieleze mtu.

KIP: Na sasa ndio imegeuka kabisa. Tangu Julai 2021 mwanafunzi anauza jina na sura yake, na kuanzia msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kugawia wanamichezo, kila chuo mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza. Lakini kijana wa Iten anaingia na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, na hiyo inakubana kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo mwenzake wa chumbani anapiga tangazo la viatu, yeye anaangalia.

NEEMA: Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi si alipata njia? Alikuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo 2022, pale Kentucky, hawezi kula matangazo akiwa ndani ya Marekani, timu ikaenda Bahamas kucheza, basi matangazo yake akayafanyia huko huko.

KIP: Akili hiyo! Lakini msikilizaji wetu asiige bila kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, viza ikiharibika hakuna meneja atakayeitengeneza.

NEEMA: Kwa hiyo kijana, mazoezi endelea nayo, fomu ya meneja usisaini, tarehe za mbio zote ulizokimbia na pesa uliyopata mwandikie huyo kocha sasa hivi kabla hajaziona mwenyewe mtandaoni, maana matokeo yapo.

KIP: Na kama umeshasaini?

NEEMA: Mpe kocha nakala hiyo hiyo, watu wa kanuni pale chuoni waisome. Ukificha ikaja kujulikana ukiwa msimu wa pili unanyang'anywa na mataji.

KIP: Haya, swali la pili linatoka Mombasa, huyu ni muogeleaji...